Laptop Inazima Mke Wangu Akianza Kucheka

Dada mshauri, shikamoo. Naomba msaada kwako, maana mafundi wameshindwa na mke wangu haniamini tena.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Kaisho, nilianza kwa kupanga nati chini juu ya gunia na sasa nina duka, na mke wangu Ikram yuko Tanga anasomea uuguzi, mwaka wa pili huu, tukitaka kuonana ni kwa video kwenye laptop kwa sababu simu yangu kioo kimepasuka, basi nakaa kitandani upande wake, laptop nimeitandikia kitambaa kinene alichokifuma mwenyewe ili isipate vumbi, tunaanza na habari za chuo, anamlalamikia mwalimu wake, amenuna, mpaka baadaye sana ndipo ananilainikia na kuniuliza, "Bwana mkubwa, umepika nini leo?" nikimjibu ndizi na maharage anasema, "Maharage yameiva au umeyatisha kwa moto tu?" anaanza kucheka, na hapo hapo, zii, laptop imezima, chini inaunguza kama pasi.

Nimepima. Nikiiweka kaunta na kupiga hesabu za duka, inakaa saa nne bila kuzima. Nikiongea na Ikram, haivuki dakika ishirini na tano. Fundi mmoja wa Kayanga alisema ni virusi, akafuta programu zote akapiga window upya. Wa pili akabadili feni. Bado.

Sasa Ikram anasema, "Laptop gani hiyo inayojua ninapocheka? Ukichoka kunisikiliza, Ukasha, niambie." Juzi kaniambia likizo hii atabaki hukohuko. Dada, nyumba imekuwa kubwa. Nataka nimsikie akimaliza kicheko kimoja tu. Nifanye nini?

Ukasha, Kaisho

JIBU

Marahaba, Ukasha, na pole. Ila jibu ulilipima mwenyewe, ukalipata, ukaliruka! Kaunta saa nne, kitandani dakika ishirini na tano: virusi gani hivyo vinavyochagua pa kukaa? Laptop inavuta hewa kwa matundu ya chini, na wewe umeyaziba kwa kitambaa na godoro. Video nayo inaitumikisha kuliko hesabu za duka. Ikichemka inajizima ili isiungue. Mkeo anachukua muda kulainika, mashine inachukua muda huohuo kuchemka, basi wanakutana kwenye kicheko.

Kitambaa kitandike sebuleni. Laptop iweke kwenye meza, nyuma uiinue kwa vipande viwili vya mbao, matundu yabaki wazi. Vumbi la barabara yenu limeshaingia, kwa hiyo fundi aifungue mbele yako, asafishe njia za hewa na kuweka upya ile dawa ya kupoza inayopakwa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine. Akitaja window, chukua laptop yako uondoke. Kisha ijaribu kwa video na ndugu yeyote, saa nzima, kabla ya kumwita Ikram.

Sasa nikugombeze. Hiyo simu ya kioo kilichopasuka, sauti haitoi? Kwamba nyumba imekuwa kubwa umeniambia mimi, nisiye mkeo! Yeye umemwambia lini? Anachojua ni kwamba kila akifurahi, unapotea.

Usingoje fundi. Mpigie leo, sauti tu, na habari za laptop usizitaje kabisa. Mwambie, "Ikram, likizo njoo nyumbani." Halafu msikilize mpaka amalize, hata akianza kwa kununa.