Atomu Tatu Kwenye Kitabu cha Lindo

Jumapili, 12 Novemba 2006. Satwa, Dubai.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, joto limepungua kidogo, na mimi nimeshinda kama mtu aliyeamshwa kabla ndoto haijaisha.

Miaka miwili sasa nalinda korido ya maabara katika shule moja hapa. Nyumbani Bungoma nilifundisha kemia bila cheti, kwa hiyo korido hii naiona kama yangu. Ukutani kuna jedwali la elementi. Kisanduku cha mwisho, namba 118, ni kitupu, na kila siku nakitazama.

Alhamisi madam wa kemia aliniachia gazeti. Eti wanasayansi wamegonganisha viini vya atomu kwa miezi mingi, wakaambulia atomu tatu tu za hiyo 118, nazo zikatoweka kabla hujapepesa jicho. Bado wanatafuta nzito zaidi. Wanaamini huko mbele kuna kisiwa ambako elementi nzito hutulia na kudumu.

Kisiwa! Nilitembea humo zamu nzima.

Ndipo nikafanya ujinga. Sisi walinzi kila saa huandika kwenye OB, kitabu cha matukio, nani kaingia na nani katoka. Saa nne, akili ikiwa kisiwani, nikaandika: "Atomu tatu zimeonekana. Zimeondoka. Hali shwari."

Leo supavaiza wetu wa kampuni ya ulinzi, Mkenya wa Murang'a, amenifungulia ukurasa ule.

"Hizi ziliingia na gate gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Client ameona, bro. Khalas, imeisha. Kesho unaenda Ras Al Khor, kulinda store ya spea za magari."

Imeniuma sana. Kulinda ni kulinda popote, lakini korido ile naililia.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, madam alikuja kuniuliza haya mambo ya atomu niliyajulia wapi. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu. Sikuwa nimemwambia mtu hivyo tangu nifike Dubai.

Fomu ya chuo cha ualimu iko chini ya godoro tangu likizo iliyopita. Nilikuwa naiogopa. Jioni hii nimeitoa, nikainyoosha mikunjo, na pale wanapouliza kazi yako nikaandika: mwalimu.

Sijui kama nitadumu. Ila nimeonekana.