Mota ya Kaka, Mlima wa Baba

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kiwandani, wewe na wenzako wa benchi moja. Natumaini mgongo umetulia na kwamba unakula vizuri, maana Mama anasema kwenye ile picha uliyotuma shati limevaliwa na hanga, si na mtu. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, Baba hajambo, karakana ipo, na paa bado linavuja palepale juu ya mashine ya kuchomelea.

Nimepata ujumbe wako kuhusu gurudumu la Baba. Nimeusoma mara mbili nikidhani hasira itapungua, haikupungua. Ndiyo maana nimekaa kuandika barua, kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijamaliza sentensi, na karatasi haikatizwi.

Umejibu kwamba gurudumu halina tatizo, ila nimwambie Baba asiegemee mbele sana. Kaka, gurudumu moja la umeme mtu husimama juu yake na kuliendesha kwa kuegemea. Ukiegemea mbele linakwenda, ukiegemea nyuma linasimama, hakuna usukani wala breki nyingine. Kumwambia Baba apande mlima bila kuegemea ni kumwambia abaki nyumbani, na vifurushi vya watu vibaki naye.

Siidharau kazi yako. Tulijifunza pamoja, na mkono wako kwenye kusuka waya wa mota ni mzuri kuliko wangu, nakubali hata kama inaniuma. Lakini lile gurudumu ulijitengenezea wewe, mwembamba kama ufito, kwa barabara zako za tambarare. Mota uliisuka kwa mizunguko michache ya waya mnene ili ikimbie. Betri ukaipa safu mbili tu za seli, ili liwe jepesi kupandisha ngazi. Kwako lilikuwa sawasawa kabisa. Ulipoondoka ukampa Baba, na Baba ni mtu wa kilo mia na ushee, ana begi la vifurushi mgongoni, na nusu ya wateja wake wanakaa juu kule kwenye matangi ya maji.

Mota ya mbio ukiilazimisha kuvuta mzigo mlimani inafyonza umeme bila huruma. Safu mbili zinaelemewa, volti zinaporomoka, na gurudumu linakosa nguvu ya kumshikilia aliyesimama juu yake. Gari likikosa nguvu linazimika tu. Hili linakubwaga kifudifudi. Wewe unayajua haya, ndiyo maana nakasirika.

Lile jaribio nililokutajia sikulifanya kwa uchokozi. Nilijaza begi mchanga mpaka nikakaribia uzito wa Baba, nikashika mita ya volti mkononi, nikatoka siku ambayo hakuwepo nyumbani. Betri ilikuwa imejaa vizuri. Mpaka kwenye kona ya fundi cherehani lilikuwa linateleza, raha tupu, na nilikusifu moyoni. Mlima ulipoanza, volti zikaanza kushuka. Nilipofika kwenye ukuta wa shule kengele ya tahadhari ikalia mfululizo hadi watoto wakachungulia madirishani. Nikaruka chini, begi likanitangulia kubingirika. Fundi cherehani alicheka mpaka akajishika mbavu, halafu ghafla akaacha kucheka. Sababu yake nitakuambia.

Ninachotaka mimi ni mota yenye mizunguko mingi, na safu nne za seli badala ya mbili. Ndiyo, litakuwa zito. Ndiyo, kasi itapungua, na tukitaka kuirudisha itabidi kuongeza seli nyingine ili volti zipande, uzito juu ya uzito. Huwezi kuwa na vyote, hilo hatubishani. Lakini Baba hashindani na mtu. Mota hiyo nimeshaisuka, iko kabatini, na seli zipo. Tatizo ni kwamba Baba hataki niguse kitu. Anasema kazi ya Injinia, ndivyo anavyokuita, haifumuliwi. Akiniona na bisibisi anakwenda kulikalia gurudumu kama kuku anayeatamia mayai.

Sasa Kaka, kaa chini. Nilianza barua hii kwa kusema Baba hajambo. Nimekudanganya, kama tulivyokudanganya tangu tuliposema simu yake imeharibika. Simu ni nzima. Baba alianguka kwenye mlima ule, kwenye ukuta uleule wa shule, na fundi cherehani ndiye aliyemwinua. Siku niliyofanya jaribio alikuwa amelazwa hospitali. Meno ya mbele hana, taya lina ufa, mkono wa kulia umevunjika na umefungwa hogo la plasta, na chakula chake anakivuta kwa mrija. Hapokei simu zako kwa sababu maneno yanamtoka yamepinda, na hataki uyasikie. Alituapisha mimi na Mama tusikwambie, eti utajilaumu.

Bado lipo lililonikata maini zaidi. Nilipolifungua gurudumu kutoa matope nilikuta tundu la kengele limezibwa kwa pamba na gundi. Ilibidi niizibue kabla ya kufanya jaribio langu. Nilikwenda kumuuliza palepale kitandani. Akaniambia, kwa taya lile, kwamba kengele ilikuwa inalia kila anapopanda, na watu njiani wakawa wanamwambia hilo dude la mwanao bovu. Hakutaka kazi yako isemwe hivyo, kwa hiyo akaiziba. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Hogo linatolewa wiki ijayo. Ameshawaambia wateja wake kwamba anarudi, na juzi nilimkuta anaifuta vumbi helmeti kwa mkono mmoja. Mama amebembeleza, mimi nimefoka, wapi. Unajua tangu utotoni ananiita Kisirani, na kengele nayo aliipa jina hilohilo. Tunalia, anatuziba.

Basi piga simu. Mama atapokea na kumwekea sikioni. Hatajibu, na usimlazimishe. Wewe mwambie tu kwamba umefikiri upya, kwamba mota ile itolewe na iwekwe nyingine. Usiseme ni maneno yangu. Sema ni wazo lako, atakubali hapohapo na atalisifu mtaa mzima, nami nitakaa kimya.

Mama anakusalimu sana na anasema ule. Fundi cherehani naye anakusalimu. Nakutakia afya njema na usingizi mzuri, ila leo usilale kabla hujapiga.

Ni mimi mdogo wako,
Kisirani