Vidonge vya Mama

Jumatatu, 9 Juni
Uji, kisha kidonge cha tramadol, kisha shuka. Mkanda wa jeshi ulipona ubavuni mwa mama, maumivu yakabaki. Daktari anasema ni mishipa ya fahamu. Shuka likimgusa, analia. Kwa kidonge, wiki ya sita sasa, analala.

Kaka Paluku amefika kutoka Butembo. Ameketi kwenye kiti cha marehemu mume wangu bila kuuliza. Amesoma jina la dawa. "Hii ni dawa ya mabandi, wahuni wa barabarani." Anauza mbao. Amesema kama profesa.

Jumatano, 11 Juni
Mama hajalala siku mbili. Jasho, miayo, makamasi. Vidonge nampa kwa saa yake. Havifanyi kitu. Naogopa ugonjwa umezidi.

Namkosa mume wangu Anselme. Miezi tisa tangu nimzike. Alikuwa akimpulizia mama chai, hata ikiwa imepoa.

Alhamisi, 12 Juni
Anatetemeka, anahara. Paluku ameleta watu watatu wa chumba cha maombi, huko mtaa wa Katoyi. Mmoja akamkandamiza mama palepale ubavuni. Mama akapiga kelele. Wakasema pepo anatoka. Wajinga. Sina neno la upole, na sitalitafuta.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwaga vidonge kiganjani. Vina mstari katikati. Vile vya kwanza havikuwa nao. Hii ni paracetamol. Huku dawa tunahesabiwa ndani ya kafuko ka plastiki kasikoandikwa kitu zaidi ya jina. Mtu yeyote anaweza kubadilisha.

Nimemuuliza Paluku. Hakuona haya.

"Nilizitupa mu choo. Miye ndiye mukubwa. Mama yetu hatakufa mutu wa droge, mulevi wa dawa."

Mama akajibu toka chumbani, sauti kama uzi: "Paluku, weye mutoto, meno ikiota, ulilia miezi tatu. Sikutupa dawa yako mu choo."

Ametoka kununua vocha ya simu. Mwanamume mzima.

Jumamosi, 14 Juni
Kituo cha afya, kwa teksi, mama amelalia upande mzima. Daktari alikasirika. Dawa hii haikatwi ghafla, mwili unaasi. Mama ataanza tena kwa kiasi kidogo, pamoja na dawa nyingine ya mishipa jioni, kisha tutaipunguza polepole, yeye akiangalia. Vidonge vikae kwangu.

Paluku, kofia mkononi: "Ndiyo, dokta. Ndiyo, dokta." Mimi niliyasema hayo hayo jana jikoni. Kumbe nilikosa koti jeupe.

Jumapili, 15 Juni
Kabla ya misa Paluku amepanda gari la Butembo. Ameacha mfuko wa maharage mlangoni. Hakuomba msamaha. Nimeyapika. Maharage hayana kosa.

Alhamisi, 19 Juni
Mama amelala saa tano mfululizo. Maumivu yapo, anasema, ila yamekaa mbali kidogo. Asubuhi ameomba blauzi yake ya maua. Tangu mwezi wa pili hajavaa nguo ya juu zaidi ya kitenge kilicholegea. Amefunga vifungo viwili mwenyewe. Vya ubavuni ameviacha wazi. Tumeketi mlangoni, tukimenya viazi.