Filimbi ni Filimbi: Kwa Masele wa Dutwa

Kitendawili! Sema "tega", wewe unayesoma, usione haya. Nyumba yangu ina milango sita. Ikiwa wazi yote, mwenyewe hutoa sauti nyembamba. Ukimfungia, ndipo hutoa sauti nene. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekwenda Bariadi, nimekula, nimeshiba, nimerudi: ni filimbi.

Baba Sayi, pamba imevunwa tena na wewe hupo. Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ya Agosti kifua kilipokubana ukaniambia, "Mama Sayi, nifungulie dirisha." Nikaenda, nikalikuta liko wazi.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Filimbi yako ya mwanzi uliipaka samli isipasuke, ukailaza juu ya mlango kama mtu mzima aliyechoka. Ugali ulikuwa hugusi mpaka ng'ombe wamekunywa. Mchana ukiwafungua nira waende mtoni, ulipiga wimbo ule wa baba yako wa Migato: unapanda mara tatu, unashuka mara moja. Wachungaji wote wa kwetu walijifunza kwako, na ng'ombe wa Dutwa nzima wakajua kuwa wimbo ule ni maji.

Wajukuu wanauliza ulipataje kuwa mlinzi. Mwaka ule soko la pamba liliachiwa huru, ushirika ukabaki na ghala lenye popo, wanunuzi binafsi wakaja kila mmoja na mizani yake. Kampuni moja ikazungusha uzio pale njia panda, ikatangaza inataka mlinzi, aje na filimbi. Wewe ukaenda na mwanzi wako.

Karani wao, Dastan wa Mwamanyili, alikucheka mpaka akakaa chini. "Mzee, tunataka filimbi ya kupuliza kama polisi! Hii ya ngoma ya nini?"

Ukamjibu, "Karani, filimbi ni filimbi."

Wakakupokea hivyo hivyo mpaka ya chuma iletwe kutoka Mwanza. Haikuletwa. Ukawa unawapigia asubuhi ya kufungua na jioni ya kufunga, nyimbo fupi fupi tu. Ule wa maji hukuupiga pale hata siku moja.

Kisha ikaja ile Jumanne. Tuliingia ndani ya uzio na mikokoteni kumi na moja ya pamba, mimi nikiwa juu ya magunia yetu, Kijivu na mwenzake wakivuta. Mara tukasikia mnyororo nyuma yetu. Bwana mkubwa wa kampuni ameagiza: aliyeingia hatoki mpaka apimiwe, maana mnunuzi wa pili kule mbele ameongeza bei. Na mizani? Mizani iko njiani. Jumatano ikawa iko njiani. Alhamisi ikawa iko njiani. Jua lilituchoma, watu tuligawana maji ya dumu moja, ng'ombe, bado wamefungwa nira tukingoja zamu, hawakupata tone. Walikuwa wanalamba chuma cha magurudumu. Wewe umesimama langoni na mwanzi kwapani, humtazami mtu.

Kijivu alipopiga magoti nilishindwa. Nikakupigia kelele mbele ya wote kwa jina la baba yako: "Ng'wana Mhoja! Siku hizi umekuwa askari wa mkeo? Tutie na pingu basi!"

Wanawake wakacheka. Mtani wako Luhende akasema, "Mwacheni, analinda asiibiwe mke."

Nilikuona ukienda kwa Dastan, mkasema maneno nisiyoyasikia. Ukarudi. Ukaweka mwanzi mdomoni. Ukapanda mara tatu, ukashuka mara moja.

Jamani! Kijivu alisimama kama aliyeitwa jina. Mikokoteni kumi na moja iligeuka kwa pamoja. Lango lilikuwa la fito na waya. Lililala chini na mnyororo wake umefungwa vilevile. Tulishikilia magunia tukilia na kucheka, mpaka mtoni, magurudumu yakaingia majini. Magunia yetu mawili yalilowa tope. Lakini walikunywa, baba. Walikunywa mpaka matumbo yakapiga kelele.

Jioni ulirudi huna kazi. Nilikuuliza, "Ulipiga makusudi, au ulisahau uko wapi?" Ukasema, "Mdomo ulikuwa kwenye mwanzi, mama Sayi. Uulize mwanzi." Nikakasirika. Nikaenda kisimani nikasema mume wangu amezeeka, hajui tena saa ya kazi na saa ya ng'ombe. Watu wakalidaka. Ukaitwa Mzee Sahau mpaka gulioni, nawe uliitika. Mpaka unakufa uliitika jina nililokupa mimi.

Tangu tumekuzika swali lile limenifungia ndani. Nikipika liko jikoni, nikisali liko kanisani. Kama ulisahau, nilimcheka mzee aliyechoka. Kama ulikusudia, basi nilimwita mjinga mtu aliyetutoa. Mwanzi nimeuuliza. Hausemi bila pumzi yako.

Tunaokukumbuka ni mkeo Nyanjige. Watoto wako Sayi, Mhoja na Violeth. Dada yako Ng'washi wa Migato. Wajukuu, watani, na Kijivu, ambaye bado husimama akisikia mtu anapiga mluzi. Maadamu kuna ng'ombe anayekunywa maji Dutwa, wewe hujasahaulika.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika, Sayi amesimama akisubiri karatasi aipeleke gazetini, hodi ikapigwa. Ni Dastan. Kampuni ilishang'oa uzio wake ikaenda, naye sasa analima kwao. "Mwangaluka, mama," akanisalimu kwa Kisukuma, akakaa kwenye kigoda chako bila kukaribishwa. Sikumpa hata maji kwanza. Nikamuuliza siku ile mlisema nini.

Alitazama mikono yake. "Aliniomba ufunguo, nikakataa. Akaomba tena, nikamwambia nitafukuzwa. Ndipo akaniuliza, 'Karani, ng'ombe wakitoka wenyewe, nani atakuwa amefungua lango?' Nikasema ni ng'ombe. Akasema, 'Basi ukiulizwa, waambie mzee alisahau. Na mke wangu akiuliza, usimwambie. Atajisifu kisimani, wewe utakosa kazi.'"

"Kwa hiyo, Dastan?"

"Makusudi, mama."