Hina ya Mjane

Pangani, 7 Agosti 1954

Mke mwenzangu Asmahani,

Salamu nyingi zikufikie hapo Pongwe kwa baba yako mdogo Uweso. Mimi mzima, goti tu ndilo linalosema-sema, na siku hizi silijibu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni. Sikutaka mtu aniandikie, maana yaliyomo ni ya kwetu.

Sinema yako imefika. Gari lao lilisimama uwanjani, wakatundika kitambaa cheupe, mji mzima ukaketi chini, mimi na kigoda changu. Nilikwenda kumtazama mjukuu wangu akiigiza mjane anayesumbuliwa na mzuka wa mumewe. Jirani yangu Semeni alijifunika buibui mwanzo mpaka mwisho. Mimi sikuogopa hata kidogo. Mtu ataogopaje uongo mtupu?

Maiti kazikwa asubuhi, usiku kaburi lina nyasi za kufika magotini. Mzuka anatoka, kavaa kanzu na kofia. Sanda kaitupa wapi? Na mkononi ana saa! Nikauliza kwa sauti, huyu anachelewa wapi? Watu wakacheka. Mshumaa ulikuwa mfupi kama kisigino. Wewe umegeuka kupiga ukelele, umerudi, mshumaa umekuwa mrefu kama mwiko. Halafu mganga anamfukuza mzuka kwa ubani. Kwa ubani! Ubani ndio unaowaita, wakaja na jamaa zao. Wao hufukuzwa kwa harufu kali ya mvuje, hata mtoto wa hapa anajua. Na wewe, mjane umo edani, unakwenda kisimani peke yako?

Aliyefurahi ni kijana wa mashine. Alipokuwa akibadilisha mkanda alinijia. "Shikamoo, Bibi. Endelea kusema, leo ndiyo nacheka mara ya kwanza kwa sinema hii." Ilipokwisha akanibebea kigoda mpaka barazani kwangu, hata maji hakutaka. Mtu kama huyo ungeniletea, ningesema nini? Wewe ukaniletea posa ya yule Mselem, sijui mtu wa magari, sijui wa mataa, nikawarudisha wazee wake na tambuu yao. Sikumtia machoni, wala sijuti.

Sasa nakuuliza moja. Pale kisimani uliteremsha ndoo kwa mikono mitupu. Ndoo ilipopanda, mikono ina hina mpaka karibu na viwiko, na miguu pia. Mjane hapaki hina, hilo kosa lao. Lakini mwari naye hapakwi hina ya namna ile. Mimi nimewapaka maharusi wa mji huu tangu enzi za Mjerumani. Hina ile ni ya nini?

Bibi yako, mke mwenzio


Pongwe, 16 Agosti 1954

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, pole kwa goti. Barua yako tumeisoma, Baba Mdogo alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Uliyoyasema yote kweli. Saa ni ya yule bwana aliyekuwa mzuka. Ni karani, akakataa kuivua, akasema itaibwa. Mshumaa wa kwanza uliwaishia, wakawasha mwingine. Kaburi walilikuta na nyasi, nani angelilima? Na dukani ubani ulikuwapo, mvuje haukuwapo.

Kuku wa Baba Mdogo wanataga vizuri mwaka huu. Muhogo nao mzuri.

Mjukuu wako, Asmahani


Pangani, 21 Agosti 1954

Asmahani,

Salamu. Umenijibu saa, umenijibu mshumaa, umenijibu kaburi na mvuje. Hata kuku umenijibu, na kuku sikuwauliza. Hina hukunijibu.

Nangoja.

Bibi


Pangani, 12 Septemba 1954

Asmahani,

Mimi sijambo na bado nangoja. Nimemuuliza Semeni kama aliiona hina, akasema yeye alikuwa ndani ya buibui. Nimemuuliza mchuuzi wa samaki apitaye Pongwe habari za huko, akakohoa, akaondoka na tenga lake. Mkewe nikamuuliza, naye akakohoa. Kumbe mji mzima una kifua!

Wote wanajua. Mimi peke yangu nimeambiwa na kitambaa cheupe.

Bibi


Pongwe, 20 Septemba 1954

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena, na ya tatu uitikie ukishasoma.

Hina ni ya harusi yangu. Mselem aliporudishiwa posa alikuja kwa Baba Mdogo kwa heshima zake zote. Na kwa kuwa baba yangu hayupo duniani, Baba Mdogo akasimama walii, tukaozwa. Akatuapisha tusiseme: "Mama nitamwambia mwenyewe." Tangu hapo kila akipanda gari la Pangani anateremka njiani.

Siku ya kuteremsha ndoo nilikuwa sijaolewa. Mkubwa wao wa picha akashikwa na homa, kazi ikasimama. Tuliporudi kuipandisha, mimi ni bibi harusi. Akafoka, "Nenda kanawe!" Nikamwambia hina haitoki kwa kunawa, labda mnikate mikono.

Sinema ilipopangiwa kwenda Pangani, Mselem alitaka kukikata kile kipande. Nikamzuia. Nilikosa mdomo wa kukwambia, Bibi, nikaiacha mikono iseme.

Maana ndiye yeye anayeendesha mashine. Ndiye aliyekubebea kigoda. Aliporudi aliniambia neno moja tu, "Kaona." Nikamuuliza, alikasirika? Akasema, "Alinishika mkono kuniaga, lakini hajui ni mkono wa nani."

Sasa umejua. Usiponijibu, nitafahamu kwamba kwetu sina tena.

Mjukuu wako mkosaji, Asmahani


Pangani, 26 Septemba 1954

Asmahani,

Marahaba, na marahaba. Ya tatu naiweka mpaka nikuone uso kwa uso.

Nimekasirika. Nilitaka nikasirike mpaka mwezi uandame, lakini watu hawanipi nafasi. Kila apitaye barazani ananiuliza sinema inarudi lini, ati wanataka kunisikia mimi.

Baba yako mdogo kafika jana. Nimemkalisha uani anachambua mchele, na mchele ni mwingi. Jitu zima lenye ndevu, kuniogopa mimi kuliko mzuka mwenye saa!

Sikiliza. Kuolewa si kosa. Na yule kijana nimemsifu kwa mkono wangu mwenyewe, barua unayo, sasa nitajikanaje? Linaloniuma ni moja: mjukuu wangu wa pekee kapakwa hina na mkono wa mtu mwingine. Na mkono wenyewe! Kwenye kidole cha shahada ua limemwagika kama uji. Nililiona nikiwa pale pale kigodani. Aliyekupaka ni nani? Usinitajie.

Hina nimeshaitwanga, ndimu zipo. Njoo Alhamisi nikupake upya kama ipasavyo. Ijumaa tupike pilau, na wenye vikohozi vyao waje wapone.

Mwambie mume wetu aje na mashine yake, aitundike tena ile sinema. Mvuje nitaleta mimi.

Lakini kile kipande cha ndoo asikikate.

Mke mwenzio,
Bibi