Chupa Yako Imefika Mkutanoni

Shikamoo Bibi,

Huku Ulaya nimealikwa, mimi mfamasia wa Sumbawanga, nione nchi nyingi zinavyopima dawa mpya kwa pamoja, ili kila moja isirudie kazi ileile. Baridi yao haifikii ya kwetu, ila jana nilikohoa mkutanoni, nikatoa chupa yako ya asali na tangawizi.

Mwenyekiti akauliza, "Hiyo inashinda dawa gani?"

"Labda mumuulize Bibi yangu, kule Laela," nikajibu.

Chupa ikazunguka meza nzima, kila nchi na kijiko chake. Mjerumani alionja mara tatu. Hadi jioni walikubaliana jambo moja tu: ushahidi hautoshi, iletwe chupa nyingine.

Mungu akupe afya, Bibi, uchemshe tena. Chupa ni tupu, na aliyekuwa anakohoa ni mimi.

Mjukuu wako,
Deo