King'ora cha Gesi Kwenye Gari Letu

2 Machi

Mwanangu kifungua mimba,

Hujambo huko? Umepona kikohozi? Sisi wazima, ila goti la baba yako, nalo ni la siku zote, tusilipe kichwa.

Mzee hatulii. Maisha yake yote ya udereva alibeba abiria wa watu, sasa kastaafu anasema abiria wake ni mimi peke yangu. Lile basi dogo limekuwa nyumba kweli: kitanda nyuma, jiko la gesi karibu na mlango, mapazia nimeshona mwenyewe. Tunaegesha kwenye viwanja vya wasafiri, tukichoka tunahama. Nakwambia, uzeeni ndiyo nimeolewa.

Kile king'ora cha gesi ulichotuletea amekifunga chini, karibu na sakafu, kama ulivyoagiza. Lo, kina mdomo! Jana kimelia hadi majirani wakatoka na taulo. Tukafunga mtungi, tukanusa kila pembe, hamna kitu. Baba yako amekibatiza Mama Mkwe, ati hakiridhiki. Nimemnunia mpaka jioni. Sasa anataka kukizima. Niambie la kumwambia.

Mama yako

10 Machi

Mama, shikamoo, na baba naye mpe yake. Kikohozi kimeniachia, namshukuru Mungu.

Asikizime, tafadhali. Hapa kazini, jikoni kwetu hostelini, tumefundishwa: gesi ya kupikia ni nzito, inatambaa sakafuni, pua zenu zitachelewa. Kikilia, tokeni wote wawili na mlango muuache wazi. Msiwashe kiberiti, msiguse swichi ya taa, hata kama hamwoni mbele. Halafu mwiteni fundi aukague mpira wa gesi. Mwambie baba nina wazazi wawili tu, sina wa akiba.

Binti yenu

28 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na goti leo limeamka vizuri. Barua yako nilimsomea mzee kwa sauti, akasikiliza bila ubishi, ajabu hiyo. Fundi akaja, akapaka mpira povu la sabuni, hakuna hata kiputo kilichovimba. Kisha akatuuliza huwa tunafanya nini kikilia. Tukatazamana. Dawa ya mbu! Fundi akapuliza kidogo, kikapiga kelele papo hapo. Kumbe ile hewa inayosukuma dawa kwenye kopo nayo ni gesi. Tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Siku hizi kikilia, uwanja mzima unajua tunapuliza mbu. Hakuna anayetoka tena. Kwa hiyo lala usingizi.

Mama yako

6 Aprili

Mama, shikamoo. Nimefurahi mmecheka, lakini mimi sijacheka. Dawa hiyo acheni, nunueni chandarua. King'ora kikishazoeleka kitamwita nani? Na ule mpira umezeeka, ubadilishwe hata kama hauvuji. Nijibu upesi.

Binti yenu

30 Aprili

Mama, hamjambo? Mbona kimya? Mmeshanunua chandarua? Simu ya baba haipatikani.

Binti yenu

9 Juni

Mwanangu,

Leo usiniulize hali. Ulikuja, tukamzika baba yako, ukarudi kazini, na siku zote ulizokuwa hapa mdomo wangu ulikataa. Watu walikwambia gari liliwaka moto. Hawakukwambia yote, kwa sababu hawayajui.

Chandarua sikununua. Nilisema tutanunua tukihama.

Asubuhi ile nilikwenda bombani kufua, sikumuaga. King'ora kikalia. Mama wa gari la jirani akaniuliza kulikoni, nikamwambia ni mzee huyo anapuliza mbu. Tukacheka, nikaendelea kufua. Kumbe mzee alikuwa nje, upande wa pili wa gari, anajaza tairi upepo, na yeye akadhani ni mimi ninayepuliza ndani. Mpaka harufu ikamfikia. Mpira ulikuwa umepasuka.

Jirani wa upande ule alimsikia akiniita. Akaita tena, kisha akaingia kunitoa. Mapazia yangu yalikuwa yamefungwa, ndani giza, mablanketi yamerundikana kitandani kama mtu amelala. Akawasha taa anione.

Ulituandikia, mwanangu. Alikuwa anajua. Lakini alikuwa ananitafuta mimi, na mtu anayemtafuta mke wake hakumbuki swichi. Najisemea hivyo kila siku na moyo hausikii.

Hospitali waliniruhusu kukaa naye kidogo. Alikuwa bandeji tupu, mdomo tu ndio ulioachwa. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Nilikuwa nakuja, mume wangu."

Akasema haya, vizuri. Akatulia, na hakusema neno lingine tena.

Sikuwa nakuja. Nilikuwa nasuuza shuka.

Mama yako